Kiti cha Nyuma cha Taratibu

Saa tatu asubuhi, jua limeshapanda ukutani, na Makochi amepiga magoti uani kwake kama mtu anayeomba radhi. Mbele yake imesimama pikipiki nyekundu isiyo na kiti. Kiti chenyewe amekipakata mapajani, na anakipapasa kwa kiganja, polepole, macho kayafumba.

"Njoo uguse," anamwambia mwandishi. "Hapa nyuma. Usibonyeze, pitisha mkono tu."

Mkono unapita. Sponji ni mpya, imekatwa juzi, bado ina harufu ya dukani. Upande wa mbele ni tambarare. Nyuma, pale anapokaa abiria, pamebonyea kiasi cha makalio ya mtu mzima.

"Haya niambie," anasema, "nani amekaa hapo?"

Makochi ni jina la mtaani. Ni fundi wa viti: anayavua makochi nguo zilizochakaa, anabadilisha sponji, anayavisha upya. Kazi hiyo ndiyo imewalea mapacha wake na kumtunza mama yake mzazi, ingawa haijamtajirisha. Mwezi mzuri wanakula wakashiba, mwezi mbaya wanalala mapema.

Na katika ufundi huo kuna jambo ambalo sisi wakaaji hatulijui: sponji haisahau. "Nikifungua kochi lako nitakwambia nani analala juu yake mchana, na nani anajibana pembeni kwa sababu kanuniwa," anasema huku akicheka. Mtu akikalia mahali pamoja, mwisho anaacha bonde lake. Lakini hilo ni jambo la miaka. Sponji ya juzi haina cha kukumbuka.

Pikipiki ni ya kaka yake, fundi bomba aliyeitwa Taratibu kwa sababu, wanasema, hata kuku walikuwa wakimpita barabarani. Alikuwa mtu wa utani, ila hakupakia abiria. Ukimwomba lifti alikujibu, "Kiti hicho ni cha mchumba, na mchumba bado hajazaliwa." Jioni mama yao alimsikia tangu chini ya mwinuko, na akiingia uani anakuta chai ishamiminwa.

Miaka tisa iliyopita, mchana wa mvua, Taratibu aliitwa kuziba bomba ng'ambo ya daraja. Hakufika. Pikipiki ilikutwa kando ya daraja, imesimama kwa stendi yake, ufunguo umo, mfuko wa zana umening'inia kwenye usukani. Mwenyewe hayupo. Mto ukatafutwa mpaka watafutaji wakachoka, na haukutoa hata kiatu.

"Mtu akiteleza, haweki stendi kwanza," anasema Makochi. "Na mtu akitoroka, haachi zana zake za kazi. Sasa wewe msomi utasema nini?"

Anakigeuza kiti mapajani, anaendelea.

Pikipiki ililetwa nyumbani ikaingizwa bandani, na mama akapiga marufuku: asiiguse mtu. Kuku wakaitagia, nyigu wakaijengea, kutu ikala ilichotaka. Tangu siku ile hakuna mtu wa nyumba hii aliyevuka daraja lile. Makochi amekataa kazi zote za ng'ambo, na huko ndiko kwenye hoteli na maofisi, yaani ndiko kwenye viti. Watu wakasema ana maringo. Aliwaacha waseme.

Mwaka huu hospitali ikawaambia kwamba sikio moja la mama limekwisha na la pili linamfuata mwenzake. Mama hakulia. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akamwita kitinda mimba wake.

"Mwanangu, ile pikipiki itengeneze. Nataka niisikie kabla sijawa gogo."

"Mama, si ulisema isiguswe?"

"Nilisema nikiwa na masikio."

Basi kazi ikaanza, papo hapo uani, kati ya kamba ya nguo na jiko la mkaa. Jirani mmoja, fundi pikipiki na mtani wake wa siku nyingi, akawa anakuja kila Jumapili. Walitoa matope ya nyigu kwenye kabureta kwa sindano ya cherehani. Waliloweka cheni kwenye dizeli, ndani ya beseni la Mama Pacha, mke wa Makochi, ambaye hajawasamehe mpaka leo. Walisugua tangi kwa msasa mpaka rangi nyekundu ikaonekana chini ya kutu. Bomba la moshi lilikuwa na tundu la kupitisha kidole. Wakalichomelea, wakalilainisha, likapendeza.

Siku ilipowaka, jirani alirukaruka kama mtoto. Ilinguruma vizuri, laini, kama imetoka dukani. Makochi akatazama barazani. Mama yake alikuwa amegeuzia uani lile sikio lililobaki.

"Ya nani hiyo?" mama akauliza.

"Si ile ya kaka, mama!"

"Hiyo siijui," akasema, akainuka, akaingia ndani.

Makochi anakiri kwamba siku ile alikaa bandani akalia. Sikio halingojei mtu, na yeye ameleta sauti ya mgeni. Aliyeling'amua kosa ni Mama Pacha, akiwa anakamua nguo. "Baba Pacha, shemeji alikuwa anakuja na kelele. Nyinyi mmemziba mdomo." Ni lile tundu. Taratibu, fundi bomba wa kuziba mabomba ya watu, hakuwahi kuziba la kwake.

Jirani alipoambiwa atoboe alichochomelea, alishika kichwa. "Wenzio wananilipa nizibe, wewe unanilipa nitoboe! Uzima upo kweli?" Lakini alitoboa.

Wakati huohuo ndipo hili la kiti lilipoanza. Sponji ya zamani ilishaoza. Mbele ilikuwa na bonde la Taratibu, limeegemea kushoto kama alivyoegemea mwenyewe. Nyuma ilikuwa nzima, haijakaliwa. Makochi akakata mpya, akailaza juu ya kiti itulie kabla ya kuivisha. Asubuhi akaikuta imebonyea nyuma.

"Paka," akamwambia mkewe.

"Paka gani? Wetu hatuna, na wa jirani ana uzito wa ndala."

Akaigeuza sponji juu chini. Kesho yake, palepale. Akairudisha kwa muuzaji, akabishana naye, akapewa kipande kigumu zaidi. Kesho yake, palepale. Mume na mke wakakubaliana jambo moja: mama asiambiwe.

Kwa hiyo asubuhi hii, mwandishi akiwa shahidi asiyependa sana ushahidi wenyewe, kiti kinafungwa bila ngozi, sponji wazi. Mama anatolewa kiti chake barazani. Makochi anapiga kiki mara kadhaa, injini inakohoa, inashika, na kelele inayotoka inawafanya kuku wapande ukuta. Anatoka getini peke yake, anateremka mpaka chini ya mwinuko, anapotea kwenye kona.

Mama Pacha amesimama na ufagio mkononi, hafagii.

Kabla sisi wenye masikio mazima hatujasikia kitu, mama anatabasamu. "Huyo," anasema. Machozi yanamshuka na hayafuti. "Huyo anakuja. Mimineni chai."

Halafu tabasamu linasimama. Anainamisha kichwa, analitega sikio lake la mwisho.

"Mbona amepakia?"

"Yuko peke yake, mama," anasema Mama Pacha, na sauti yake imepungua.

"Nimeisikiliza ikipanda hapo miaka na miaka. Ikiwa na mmoja inaimba. Leo inalalamika. Imebeba wawili."

Makochi anaingia getini. Yuko peke yake. Anazima injini, anaona nyuso zetu, na haulizi. Anashuka kwa kupitisha mguu juu ya tangi, kwa mbele, kama mtu anayeogopa kumpiga teke aliye nyuma yake. Kisha anagusa sponji, na kiganja kinarudi kimelowa maji. Ni kweli pikipiki ilioshwa jana. Tuseme ni hilo.

Keria ya chuma, aliyoichongesha kwa ajili ya kubebea mizigo, imeegemezwa ukutani. Mpango ulikuwa kukata kiti kiwe cha mtu mmoja na kuifunga keria hapo nyuma. Ng'ambo ya daraja hoteli moja inamsubiri, viti vya ukumbi mzima, kazi ambayo ingewaepusha na kulala mapema. Safari hii alishajibu kwamba atakwenda.

Makochi anachukua chaki yake. Anaitazama keria, anamtazama mkewe. Kisha anachora mstari wa kukatia ngozi, kutoka mbele mpaka mwisho kabisa wa kiti.

"Baba Pacha, na mzigo?"

"Mzigo nitaufuata hata kwa mkokoteni." Anafunga zipu ya koti. "Kesho mchana kweupe navuka. Yeye alikuwa anakwenda ng'ambo, hakufika. Naogopa, sikudanganyi. Lakini tutavuka wote."

Anachutama mbele ya kiti cha mama yake, anasogeza mdomo karibu na lile sikio, anamwambia kwa sauti kubwa kwamba kesho anakwenda darajani. Mama anamshika mashavu kwa mikono miwili, anayaangalia macho yake, kisha anaangalia nyuma ya bega lake, pale pikipiki iliposimama.

"Mwambie akushike kiunoni," anasema. "Hajazoea kukaa nyuma."