Mke wa Mchochea Makaa

Siku ya treni ya Livingstone, mke wa mchochea makaa wa treni hiyo hujipaka samli mikono hadi viwiko, akasimama kando ya reli hata moshi haujaonekana. Treni haisimami kijijini kwao, na mumewe hajapewa likizo tangu mavuno ya mwaka jana. Huinua koleo tu akipita, naye hupunga kitambaa mpaka behewa la mwisho lipotelee porini. "Shemeji, unaupungia moshi," humtania Hamoonga, mchunga ng'ombe hodari kuliko wote Kalomo, kama asemavyo mwenyewe. "Wivu huo!" hujibu mwanamke. "Wewe nani atakupungia?"

Juzi Hamoonga alimkuta katikati ya reli, ameshika kamba ya fahali bora wa Hamoonga, honi inalia na breki zinapiga kelele. "Shemeji, ng'ombe wangu!" Mwanamke hakugeuka. Treni ikasimama. Dereva Mzungu akatukana weee, kisha akamtuma mchochea makaa ashuke kumfukuza ng'ombe, maana hiyo nayo ni kazi yake. Akaja mbio, uso mweusi tii kwa masizi, meno yote nje. Mkewe akaikaza kamba kwa mikono miwili.

"Mfukuze polepole, mume wangu," akamwambia.