Maji ya Goma Yanachemka kwa Tisini na Tano

Nyinyi tuliokua pamoja Goma, mliowahi kupanda juu ya ukuta wa mawe meusi na kuinua simu mbinguni mkitafuta mtandao, njooni mkae hapa tucheke kidogo.

Enzi zetu simu ilikuwa ya nyumba nzima. Kwetu Katindo ilikuwa ya baba, karani mwenye asili ya Bukavu aliyepiga pasi shati lake hata siku za mapumziko. Vibonye vyake vilikuwa vimefutika herufi, lakini vidole vyetu vilizijua. Ilikaa mfukoni mwake mpaka arudi kutoka kazini alasiri, ndipo nikapewa, na kwa sharti la kwamba ni kwa ajili ya masomo. Ukifungua picha moja, ungeweza kwenda kumenya viazi vya watu wanane, ukarudi ukakuta picha imefika shingoni. Vijana wa leo, video ikikwama kidogo tu wanashika kichwa kama waliofiwa. Sisi tulijua kusubiri.

Na tulisubiri vizuri. Harufu ya sambaza za kukaanga, dagaa wetu wa ziwani, ilitoka kwa jirani, vumbi la mawe limejaa kwenye soksi zetu zilizokuwa nyeupe asubuhi, na chukudu, zile baiskeli zetu za mbao za kusukuma, zikishuka kutoka Munigi na magunia ya makala, yaani makaa, magurudumu yake ya mbao yakilia njia nzima. Mama alikuwa mbele ya babula, jiko letu la makala, akipepea maharagi. Maharagi ya Goma mnayajua wenyewe. Unayaacha motoni ukienda shule, unarudi yanakutazama vilevile. Tulipolalamika njaa, mama alisema bila hata kugeuka, "Maharagi haina haraka. Ni nyinyi njo muko nayo."

Juu ya ukuta ule tulikuwa wawili: mimi na Kavira, rafiki yangu wa benchi moja. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa Butembo, wa malori ya Kisangani, aliyemwacha Goma kwa shangazi ili asome. Kwa simu ile tuliingia katika kundi la wanafunzi lililoitwa Sayansi Bila Woga. Humo walikuwamo watu wa Kindu, Kalemie, Butembo, hadi Tanga kule baharini. Tulibishana kwa nini huwezi kugawa kwa sifuri. Tulibishana kama kulala na kitabu chini ya mto kunasaidia siku ya mtihani, na wapo walioapa kwamba kunasaidia. Sisi tuliwaeleza mazuku, ile hewa mbaya inayolala katika mashimo ya mawe yetu, na jinsi wazee walivyotukataza kuinama pale. Watu wa pwani walikicheka Kiswahili chetu, nasi tukazicheka hesabu zao. Hakuna aliyejua sura ya mwenzake. Mwanaidi wa Tanga, kwa mfano, alikuwa na picha ya ua tu, na huyo ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Ukiweka jibu bila kuonyesha ulivyolipata, anakuandikia maneno matatu: "Njia iko wapi?"

Sasa shule yetu ilikuwa na kipimajoto kimoja. Kimoja, shule nzima. Kililala kabatini kwa Prefe, mkuu wa shule, kimefungwa kwa pamba, na kilibebwa hadi darasani kama yai. Siku moja Prof Safari akakileta. Prof Safari alikuwa mtu wa hesabu, tena hodari. Fizikia alipewa tu kwa sababu aliyekuwa akiifundisha alihama mji. Akawasha babula mbele ya darasa na kutuamuru, benchi kwa benchi, tupime joto la maji yanayochemka na kuliandika.

Mnajua tulivyokuwa. Kitabu kilisema mia, cent kwa Kifaransa chetu cha shule, basi darasa likaandika mia. Wengine waliandika kabla sufuria haijafika motoni. Benchi letu lilikuwa la mwisho. Kavira alipiga magoti, akatazama. Tisini na tano. Akaongeza makala, akapepea mpaka macho yakamtoka machozi ya moshi. Tisini na tano. Nami nilitazama juu ya bega lake, nikaona hivyohivyo. Tukaandika tulichokiona.

Prof Safari alisoma karatasi yetu, akaenda mwenyewe kwenye sufuria. Naye akaiona tisini na tano.

"Kavira, uliangusha termometre."

"Prof, sikuiangusha."

"Basi uliigonga. Benzako bote walipata cent na termometre hiihii. Imefika kwako njo inaharibika."

Hebu tazameni jambo hilo. Uongo wa darasa zima ukawa shahidi dhidi ya mtoto mmoja aliyesema kweli. Bado linanipandisha hasira, na mimi ni mama wa watu. Prefe akaamuru baba yake Kavira aitwe Jumatatu. Na baba yule alikuwa amekwisha kumwambia binti yake siku anamwacha Goma: "Siku wataniita ku masomo juu yako, siku ile utarudia Butembo, utauzisha vitenge mu duka ya mama yako mukubwa." Hakuwa mtu wa kurudia neno. Kavira alikuwa anaota fizikia tangu tukiwa wadogo, na sasa aliuona mwisho wa shule yake katika kijiti cha kioo.

Alasiri ile tulipanda ukuta. Mimi niliandika: maji yetu yamechemka kwa tisini na tano, na rafiki yangu yu karibu kuondolewa shuleni. Kundi likalipuka kwa kicheko. Mmoja akasema maji ya Goma nayo yamegoma. Kijana wa Kindu akaandika, "Mimi sina kipimajoto ila nimetia kidole. Ni ya moto." Kavira alikuwa analia na kucheka pamoja.

Ndipo Mwanaidi akaingia. "Acheni kelele," aliandika. "Mwenye kipimajoto apime kwao, alete namba. Siitaki ya kitabu, naitaka ya sufuria."

Tulingoja hadi Jumapili. Sijawahi kungoja hivyo tena, hata leba. Baada ya misa nilimwomba baba simu, akaitoa bila swali, maana aliuona uso wangu. Mwanaidi alikuwa amepima katika maabara ya shule yao Tanga: mia kamili. Shabani wa Kalemie, kando ya ziwa lao, alipata tisini na saba. Binamu yake Kavira, kule Butembo juu milimani, alipata tisini na nne.

Kavira alizisoma namba zile mara nyingi. Kisha akasema polepole, "Angalia. Mutu anapanda, namba inashuka."

Tulikimbia hadi maktaba ya parokia kutafuta atlasi.

Jumatatu baba yake alifika na kofia yake ya ngozi, akakalishwa kwenye benchi letu, magoti yamefika kidevuni. Prefe alisimama mlangoni. Kavira hakujitetea. Aliomba chaki. Alichora ubaoni mistari miwili, mmoja wa urefu wa mahali kutoka baharini, mmoja wa joto la maji. Akaweka nukta ya Tanga, akaweka ya Kalemie, akaweka ya Butembo. Akaziunganisha. Mstari ukashuka umenyooka.

"Prof," alisema, "unisomee urefu wa Goma mu atlasi."

Prof Safari akasoma. Kavira alipandisha kidole kutoka kwenye namba hiyo hadi kwenye mstari, akakipeleka pembeni, kikasimama. Tisini na tano.

Prof Safari alichukua rula kubwa ya mbao, akaiweka juu ya mstari ule. Aliitoa, akaiweka tena. Mtu wa hesabu unaweza kumbishia kwa maneno siku nzima, lakini mstari ulionyooka hana la kuujibu. Akaligeukia darasa.

"Nyinyi bote muliandika cent. Muniambie muliiona wapi."

Wengine walianza kutafuta kalamu chini ya benchi. Yeye akamgeukia Kavira na kusema mbele yetu sote, "Mutoto, unisamehe." Siku hizi nikisikia watu wakisema walimu wa zamani walikuwa wakali tu, namkumbuka Prof Safari, na ninawaambia wanyamaze.

Baba yake Kavira alinyanyuka kwa shida kutoka kwenye benchi. "Prof, sasa termometre iko muzima ao haiko muzima?"

"Iko muzima, papa."

"Na mutoto?"

"Mutoto iko zaidi ya muzima."

"Basi abakie," alisema. Akavaa kofia, akaenda zake kwenye lori.

Baadaye tulisoma sababu yake. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi, haiyakandamizi maji kwa nguvu kama inavyofanya baharini, kwa hiyo yanachemka mapema kabla hayajapata moto wake wote. Na kumbe ndiyo maana maharagi yanachelewa! Nilikimbia nyumbani kumpelekea mama habari hiyo kubwa. Alinisikiliza hadi mwisho. "Sasa umejua sababu," alisema. "Kamata, upepee."

Leo Kavira anafundisha fizikia Butembo. Mimi hapa Goma ninatengeneza mtindi na kuuza, na kipimajoto ni chombo changu cha kila siku. Wiki iliyopita binti yangu Neema alirudi na zoezi lilelile, kupima maji yanayochemka. Aliiuliza simu yake, maana ana ya kwake peke yake, na kabla sijamaliza kufunika maziwa jibu lilikuwa limefika: mia. Nikamwambia apime.

"Mama, juu ya nini nipoteze makala? Jibu iko hapa."

Sikubishana naye. Niliipiga picha karatasi yake, nikaituma katika kundi letu la zamani, ambalo siku hizi limejaa salamu za asubuhi, picha za harusi na matangazo ya misiba. Kavira alicheka kwanza. Kisha likatokea lile ua. Mwanaidi sasa namjua sura, lakini ua hajalibadilisha hadi leo. "Mwambie mwanangu," aliandika. "Njia iko wapi?"

Neema alisoma, akakunja uso, akachukua makala. Dakika chache baadaye alikuwa amechuchumaa mbele ya babula na kipimajoto changu cha maziwa mkononi.

"Mama, imesimama, haifike ku cent."

"Pepea."

"Haipande."

"Ongeza makala."

"Haipande tu!" Na hapo, kwa mara ya kwanza siku ile, aliiweka simu chini.

Sisemi enzi zetu zilikuwa za raha. Mtandao ulikuwa mbovu, umeme ulikuja kama mgeni, na simu ya baba ilizimika kila lilipokaribia jambo tamu. Lakini jibu lilitufikia likiwa limepitia mikononi mwa watu. Mmoja alilipima Tanga, mmoja Kalemie, mmoja Butembo, na mwingine wa Kindu alilitilia kidole. Watoto wetu jibu linawafikia kila mmoja peke yake, safi, halinuki moshi wa mtu yeyote. Nawaonea huruma, na kusema kweli ninaukosa sana ukuta ule, na bega la Kavira likiwa limeegemea langu tukisubiri picha ifunguke.

Neema alifuta mia, akaandika tisini na tano. Kisha akabaki ameshika kalamu, hofu imemwingia.

"Mama, na Prof akikataa?"

"Akikataa," nikamwambia, "umuombe chaki."