Mayai ya Masista na Mtihani wa Ludivina

Mke wangu Ludivina ana mikono inayosikia. Mletee kompyuta iliyogoma, ataiwekea kiganja ubavuni, atatulia kidogo, kisha atakwambia, "Feni hiyo," au "Umeme hauingii vizuri," na mara tisa kati ya kumi amepatia. Kwa miaka kumi na tisa ameendesha kibanda cha kompyuta za sarafu hapa kisiwani kwetu, mtaa wa La Paz. Unatumbukiza peso, mashine inaamka, muda ukiisha inalala. Mimi nauza bachoi ukuta wa pili: tambi, nyama, supu ya mifupa, na yai kwa anayelitaka.

Kibanda kilianza kufa simu zilipoingia kila mfuko. Mashine kumi zikawa sita, sita zikawa tatu. Ndipo siku moja, akiwa na miaka arobaini na minane, Ludivina akasema anataka kufanya mtihani wa mafundi wa kompyuta, ule wenye cheti kinachotambulika hata nje ya nchi.

"Mtihani wa nini wewe?" nikamwambia. "Umeona wapi samaki akitahiniwa kuogelea?"

"Samaki haombi kazi, pangga."

Pangga ni mpenzi. Huniita hivyo anapotaka mjadala uishe.

Sasa mitihani yenyewe ilikuwa mitatu, na kila mtu alikuwa na lake la kusema. Binamu yake Nestor, afanyaye kazi Cebu, alikuja kula nasi Jumapili akawa mshauri mkuu.

"Manang, chukua wa usalama," alisema, akimwita dada mkubwa kama tunavyowaita wanawake waliotuzidi umri. "Siku hizi ulaji uko huko."

"Nikalinde nini, Nestor? Mimi hata nyaya naziita ile nene na ile nyembamba."

"Basi wa mitandao."

Ludivina alizipanga karatasi tatu za maelezo ya mitihani kando ya miiba ya samaki, akazitazama kama mtu anayechagua kitambaa. Akachukua ya chini kabisa, ya fundi anayeanza. "Ghorofa haianzi na paa," akasema.

"Haya, hata huo," Nestor akasema, kinywa kimejaa wali. "Ukiupata tu, ofisini kwetu Cebu wanakuchukua kesho yake."

Ludivina aliinamia sahani. Alitabasamu. Na lile tabasamu liliniingia kama mwiba, nikashindwa kumaliza chakula. Cebu ni kisiwa kingine, ng'ambo ya bahari. Nikajiona peke yangu na sufuria yangu, nikizungumza na mifupa.

Nilipaswa kumuuliza. Sikumuuliza. Mimi ni mtu wa hasira za kimyakimya, na hizo ndizo mbaya.

Akaanza kusoma. Asubuhi, mimi nikichemsha mifupa, yeye alikaa pembeni mwa meza yangu na kitabu kizito. Alibandika vikaratasi kila mahali. Kwenye chupa ya siki, majina ya nyaya. Kwenye mfuniko wa sufuria, sehemu za mashine ya kuchapa. Wateja wakawa wanasoma huku wakila, na muuza samaki mmoja akaweza kutaja aina nne za kadi za kumbukumbu kabla ya Ludivina mwenyewe. Nilicheka nao, lakini moyoni nilikuwa nahesabu siku.

Mtihani ukapangwa Alhamisi. Jumatatu ya wiki hiyo akanipa mayai kumi na mawili kwenye kikapu, na kikaratasi kilichokunjwa.

"Nipelekee kwa masista wa Mtakatifu Klara. Mimi nina mazoezi leo."

Kwetu ndivyo ilivyo. Mwenye harusi anayeogopa mvua, mwenye mtihani anayeogopa maswali, humpelekea Mtakatifu Klara mayai, na masista wake wanaomba. Hata mawakili na madaktari wamepitia dirisha la nyumba yao. Nikachukua kikapu, nikafika hadi darajani. Hapo nikafungua kikaratasi: "Ludivina. Mtihani wa kompyuta. Alhamisi." Nikasimama. Nikafikiri, nikipeleka mayai haya nitakuwa nimemfungia mke wangu mizigo ya Cebu kwa mikono yangu.

Nikageuka. Siku ile kila aliyekula kwangu alipata yai bure. Wakanisifu sana, na mimi nikapokea sifa, nisiye na haya.

Alhamisi alianguka.

Matokeo ya mtihani ule hutoka pale pale kwenye kioo cha kompyuta, kisha wanakuchapia karatasi. Alirudi nayo imekunjwa mara nne. Nikampakulia bachoi, hakuigusa.

"Nimekosa alama kidogo tu," alisema. "Kilichoniangusha ni kutafuta chanzo cha tatizo. Mimi! Kazi ninayoifanya kila siku!"

Akafungua kitabu, akanionyesha ukurasa. "Wameuliza, mteja anasema kompyuta yake haiwaki, utaanza na nini? Mimi nikajibu nitafungua kasha nisugue kadi ya kumbukumbu kwa kifutio cha penseli. Maana ndivyo inavyopona, Teryo! Wewe umeniona!"

"Nimekuona."

"Kumbe siyo. Kwanza unamuuliza mwenyewe. Ilianza lini? Kulibadilika nini? Kisha unakisia, unajaribu, unatengeneza, unahakikisha, unaandika. Mimi miaka yote nimekuwa nafungua kasha tu." Akafunga kitabu. "Hata mayai ya masista hayakufua dafu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikachukua bakuli lake nikaenda kuliosha, na supu ilikuwa bado imejaa.

Nilitegemea atakata tamaa. Alilala siku mbili, ya tatu akapanga mtihani mwingine baada ya wiki sita. Na mazoezi yake safari hii yalikuwa kwa wateja. Mtu akileta mashine, Ludivina anakaa na daftari. "Ilianza lini? Umeongeza nini? Nani mwingine anaitumia?"

"Manang, si uifungue tu!" jirani mmoja alilalamika. "Nimekuja kwa fundi au kwa polisi?"

"Jibu swali," akasema, na kweli ikaonekana mkwe wa yule jirani alikuwa ameimwagia kahawa.

Mimi nikawa nazidisha chumvi kwenye supu. Sijui nieleze vipi. Mkono ulikuwa ukienda wenyewe. Siku ya kwanza wateja walinitania, ya pili wakanyamaza, ya tatu wakavuka barabara kwenda kwa jirani. Asubuhi ya nne Ludivina akavuta kigoda, akaketi mbele yangu, akafungua daftari.

"Supu ina chumvi," alisema. "Ilianza lini?"

"Acha mchezo."

"Jibu swali. Ilianza lini?"

"Baada ya wewe kuanguka."

"Kabla ya hapo kulibadilika nini?"

Nikakoroga sufuria. Akangoja. Hiyo nayo imo kitabuni, kumwacha mteja aseme. Machozi yakanitoka, mtu mzima mimi, nikasingizia vitunguu ambavyo sikuwa nimevikata bado.

"Mayai hayakufika," nikasema. "Niliyapika. Yote kumi na mawili. Uliangushwa na mimi."

Kalamu yake ikasimama. Nilimwona akibadilika uso, na nilijua hasira ile, maana ni nadra. "Umepika maombi yangu?"

"Nilidhani ukifaulu utaenda Cebu."

"Nani kakwambia naenda Cebu?"

"Nestor. Na wewe ukatabasamu!"

"Nestor alikuwa na jani la mboga kwenye jino la mbele, Teryo! Nilikuwa najizuia kucheka!" Akapiga daftari mezani. "Mimi uliniuliza?"

Nikainamia sufuria.

"Chuo kile nyuma ya kanisa kinatafuta mtu wa chumba cha kompyuta. Kutoka hapa ni dakika kumi kwa miguu, na hizo ni kwa magoti yangu. Wanataka cheti. Sikukwambia kwa sababu jambo likitajwa mapema linaharibika, na wewe mdomo wako ni soko." Sauti ikashuka. "Niende Cebu nikale bachoi ya nani?"

Hapo nikalia waziwazi, na nasema bila aibu: sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda mwanamke yule na daftari lake. Yeye akalia kidogo, akanifuta uso kwa kitambaa cha sufuria, akasema bado amekasirika na ataendelea hadi Ijumaa. Akaendelea hadi Ijumaa.

Mtihani wa pili ulipokaribia alinipa mayai dazeni mbili. Kikaratasi safari hii alikuwa amekifunga kwa gundi pande zote. Nilikipitisha dirishani bila hata kukitazama kwenye mwanga, nikikiweka pamoja na mayai kwenye kisanduku cha mbao kinachozunguka, ambacho masista hupokelea vitu bila kuonekana, nikaondoka karibu nikikimbia.

Alifaulu. Alitoka mlangoni pa chumba cha mtihani, nilipokuwa nikimngoja, mikono mitupu, nikataka kumsoma uso nikisie, kisha nikajizuia. "Imekuwaje?" nikauliza.

"Umejifunza," alisema, akatoa karatasi mkobani.

Chuo kilimchukua mwezi uliofuata. Siku alipoanza nikapeleka mayai mengine, ya shukrani. Nyuma ya dirisha sauti ya sista mzee ikauliza ni ya nani.

"Ya Ludivina, sista. Yule wa kompyuta. Amefaulu."

Akauliza tena, "Wewe ndiye Teryo wa supu?"

"Ndimi."

"Bado unaogopa?"

Sikuelewa. Kile kisanduku kikazunguka, na ndani yake mlikuwa na kikaratasi chenye alama za gundi, kimelainika kwa kushikwa. Mwandiko wa Ludivina ulikuwa ule ule wa kwenye chupa yangu ya siki.

"Ludivina, mtihani, Jumatano. Pia mume wangu Teryo, anaogopa kuachwa na hawezi kusema. Mwombeeni yeye kwanza. Mimi nimeshasoma."