Kitufe cha Trebo

Juzi kwa fundi redio niliona amplifaya kuukuu yenye vitufe viwili vya kuzungusha, besi ya sauti nzito na trebo ya sauti nyembamba. Nikasikia tena harufu ya vumbi linaloungua, ile ya amplifaya ya Baba Mdogo ilipopata moto.

Mchana ule, nilipokuwa mtoto, Bibi alikuwa mgonjwa chumbani, ameletwa mjini kutoka Usoke. Sebuleni Baba Mdogo alilaza gitaa la umeme mapajani, akatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Alipunguza besi, akaongeza trebo kidogo kidogo, mpaka gitaa likalia kama mwanamke aliyefiwa.

Ghafla majirani wakaingia mbio, balozi wa nyumba kumi mbele, akina mama nyuma wakilia, khanga viunoni. "Mama yetu ametutoka!"

Chuma cha Baba Mdogo bado kiliteleza juu ya nyuzi. Mimi niliamini kitufe ndicho kilichomuua Bibi. Nikakirudisha kushoto kwa mikono miwili. Gitaa likanyamaza, na Bibi akatokea mlangoni, ameshika ukuta. Nilijua nimemfufua.

Hakuna aliyekumbuka hata kumwamkia.

"Mwanangu," Bibi akamwambia Baba Mdogo, "rudisha pale pale, nao waendelee kulia. Siku yenyewe sitawasikia."

Leo najua trebo haiui mtu. Siku ile sikukiachia kile kitufe.