Binti wa Kwanza wa Muuza Chumvi

Babu wa babu zetu alikuwa muuza chumvi kule milimani, upande wa Masereka, mbele Bazungu bafike. Nikisema muuza, usiwaze duka ya rafu na mizani. Ilikuwa nyumba ya majani, na dari ya miti juu ya moto ili chumvi ikae kavu, maana kule ukungu unaingia mupaka ndani ya blanketi. Bapagazi baliileta kwa mugongo kutoka ziwa ya chumvi, yeye akaifunga katika majani ya ndizi, batu bakabadilisha na maharagi, kuku ao jembe.

Alipima kwa mukono. Lakini mikono yake ilikuwa midogo, bateja bakanungunika mupaka bakadai muke yake ndiye apime. Mimi niko na mikono ile ile. Benzangu benye kuuza vitenge hapa Butembo bananicheka nikishika mukasi mukubwa, na mimi ninabajibu: hii ni urithi, muniache.

Jamaa ilinituma nitafute habari za yule muuza chumvi juu niko na mudomo. Ni kweli, sibishi. Sisi tukikutana jamaa nzima, mbele ya kula, mukubwa wa kila nyumba anasimama na kuita batoto yake kwa kufuatana. Aliye muzima anajibu mwenyewe: niko. Kwa aliyekufa, sisi bote tunajibu: amelala. Safari hii mimi ningeanza na batoto ya muuza chumvi, halafu nyumba zingine zifuate.

Shida ilikuwa shangazi yangu wa Beni. Binti yake wa kwanza alienda kulima upande wa Eringeti, batu ba silaha bakaingia kijijini, kila mutu akakimbilia porini. Tangu siku ile hatujamuona, na maiti hatujaona. Mukutano uliopita shangazi alimuita, na hakuna aliyejibu. Niko, nani aseme? Amelala, nani athubutu? Tuliangalia sahani zetu tu.

Kwa hiyo baba mukubwa, kaka yake shangazi, akaamua safari hii mutoto yule arukwe. Si roho mbaya, hapana. Alisema kumuita ni kufungua kidonda. Shangazi akatuma neno kwamba kama mutoto wake haitwi, yeye haji. Nilibakasirikia bote wawili, kisha nikapanda gari ya kwenda Beni kumuchukua.

Nilimukuta jikoni anamenya ndizi. Nikachukua kisu, nikamenya pia, na ili tusigombane nikamupigia hadithi za muuza chumvi. Alicheka sana kwa ile mikono. Halafu nikamuhesabia batoto ya yule muzee kama nilivyofundishwa tangu utoto, nikianza na binti tuliyemuita siku zote mukubwa wao, yule aliyetuzaa sisi.

Kisu cha shangazi kikasimama.

— Huyo ni wa pili, akasema. Wa kwanza iko wapi?

Nikahesabu tena majina yale kwa vidole. Kwetu Banande jina linafuata uzazi. Binti wa kwanza ana jina lake, wa pili ana lake, na wa kwanza hata akifa akiwa muchanga, anayefuata hachukui jina lile. Yule mukubwa wetu alikuwa na jina la binti wa pili. Sisi bote tunabeba majina ya namna ile, tunayatumia kutwa, na hakuna aliyeshituka. Ilihitaji mama aliyepotelewa na wa kwanza wake.

Nilipiga telefone Masereka kuuliza. Nilipanda pikipiki mupaka Mutwanga kwa bibi mumoja muzee sana wa ukoo wetu, nikarudi na vumbi mupaka kwenye meno. Hakuna anayejua. Labda ni ugonjwa, labda ni njaa, labda ni bale batu ba bunduki benye kukamata batu na kubauza. Nilichoweza kumuletea shangazi ni kidogo tu: kwamba bale bazazi balipata binti mwingine, na hawakumupa jina la yule aliyetoweka.

— Donc balimuachia nafasi yake, akasema polepole.

Akalia. Na mimi nikalia, sioni haya kusema. Asubuhi alifunga mizigo yake mwenyewe, akanigombeza kwamba ninachelewa.

Butembo, jamaa yote ikiwa imekaa kiwanjani, nilisimama nikaita jina la binti wa kwanza wa muuza chumvi. Batu bakaangaliana. Nikabaeleza, na nikamuachia nafasi yake bila jibu. Nikaita wa pili, bakajibu amelala, na bengine vilevile mupaka mwisho.

Zamu ya shangazi ikafika. Alisimama, vidole vimeshika meza. Hakuangalia kaka yake. Akaita jina la binti yake, kwa sauti ile ya kumuita mutoto aingie kula.

Baba mukubwa akainuka mbele ya bote. Naapa nilizania anataka kumukataza, na nilikuwa nimekwisha kutayarisha maneno makali.

— Hajafika, akasema. Tunamungoja.

Kisha mumoja akasema tunamungoja, na mwingine, na kiwanja chote. Shangazi akapanguza uso kwa kitenge, akaita wa pili.