Msinipe Mkono

Mwanangu, iko asubuhi moja ambayo nikiikumbuka leo hucheka peke yangu, ingawa siku yenyewe sikucheka. Nilikuwa kijana wa kijiji cha Migato, mcheza ngoma, na nilijiona hakuna wa kunifikia. Ilikuwa ile miaka ya ruksa: bidhaa zimerudi madukani, wanunuzi binafsi wanagombea pamba yetu, minada imejaa mitumba. Kwenye mnada wa Malampaka nikajinunulia miwani nyeusi ya jua.

Wiki moja kabla ya kushindana na kikundi cha Mwanhuzi, niliamka jicho limegandana kwa tongotongo, linawasha kama limeingia mchanga. Badala ya kusema, nikavaa miwani, nikaenda mazoezini. Niliogopa kwamba mzee Masanja, manju aliyetutungia nyimbo na kutuongoza, angeniacha nyumbani.

Basi nikawa nafikicha jicho, kisha namshika mwenzangu mkono. Jasho tulifuta kwa taulo moja, sote. Rafiki yangu Jilala akaomba ajaribu miwani, wengine nao wakapokezana, tunacheka. Siku ya nne wachezaji tisa walikuwa na macho mekundu kama pilipili, na mpiga ngoma wetu mkuu alikuwa anapiga hewa pembeni mwa ngoma.

Manju akatupanga mstari. "Nani alianza?"

Nikavua miwani. "Mimi, baba."

Akanitazama sana. "Maduhu, ungesema siku ile ningekosa mchezaji mmoja. Umenyamaza, nimekosa kikundi."

Hakunichapa. Afadhali angenichapa.

Akatupeleka zahanati. Jilala alikuwa ameshakamulia majani machoni, nesi akamkemea mpaka akajificha nyuma yangu. Kisha nesi akatueleza kwamba vijidudu vya ugonjwa huo vinabebwa na mikono yetu na vitambaa vyetu. "Machozi hayo ni mwili unajiosha," alisema, "na ndani ya damu wako walinzi wanapigana. Wasaidieni. Naweni kwa sabuni, kila mtu na kitambaa chake, acheni kufikicha. Asiyeona vizuri arudi hapa mara moja."

Jicho langu lilipoanza kupoa, manju akanituma kwa baiskeli hadi Mwanhuzi. "Kawaambie hatuji. Tukienda tutawaachia macho haya."

Nilifika nimejaa vumbi. Manju wao akanijia na mkono mbele, wachezaji wake wakimfuata, nami nikarudi nyuma napiga kelele, "Msinipe mkono!"

Akanuna. "Kijana, umekuja na ugomvi?"

"Hapana, baba. Nimekuja na macho."

Nilipomweleza, alicheka mpaka akakaa chini. Mashindano yakasogezwa mbele. Tulipokwenda, macho meupe yote, walitushinda vibaya, lakini walitulaki kama ndugu, na mwaka uliofuata walitualika tena.

Mwanangu, maradhi ya kuambukiza yanapenda mtu mwenye aibu, kwa sababu huyo ndiye anayeyatembeza kimya kimya. Mwili wako umeumbwa na askari wake, lakini askari hao hawawezi kukunawia mikono wala kukusemea. Hiyo ni kazi yako. Ukiugua, sema mapema, jitenge kidogo, nenda kwa wanaojua. Na mwenzako akikuambia anaumwa, usimcheke kabla hajapona.

Mungu akupe macho maangavu na mikono safi, uwe na nyumba ambayo watu huingia wazima na kutoka wazima.