Njia ya Mkunga

Tangu mwenye shamba la mkonge alipoiziba njia ya juu kwa seng'enge, mwaka ule wa hamsini na nane, mkunga wa Utange alipita mtoni, baina ya magenge mawili yaliyobanana hata mtu hawezi kunyoosha mikono yote miwili. Chengo, mlinzi wa shamba, alizoea kumtazama kutoka juu. Mguu hakuuinua, aliuburura, akipapasa mawe kwa vidole. Kikapu kichwani, leso kifuani, tambuu shavuni. Penye maji mengi aligeuka ubavu, mgongo ukasugua mwamba, na kikapu kisiyumbe.

Siku Chengo alipoamriwa kuufunga na mto, alishuka akasimama majini, rungu mkononi.

"Shikamoo, mama. Bwana amekataza hata huku."

"Marahaba." Mkunga hakupunguza mwendo. "Mkeo Nyamvula kashikwa na uchungu tangu alfajiri. Naenda kwako. Ama nirudi?"

Chengo akajibana mwambani, akanyoosha mkono apokee kikapu.

"Kiache," mkunga akasema, akatema tambuu. "Wewe panda juu ukaikate ile seng'enge. Mimi kurudi napita njia yangu."